Mashine Iliyosubiri Mgeni Rasmi

Fundi Mkasi, Mungu amrehemu, alikuwa mshona suruali, na figo iliyompa miaka saba zaidi ilitoka kwa dada yake. Nyumbani waliilinda ile figo kama mboni ya jicho. Mifupa hakuna aliyeiwaza, mpaka daktari alipomwambia dada mtu kwamba vidonge vya kuzuia mwili usiikatae figo huila mifupa kimyakimya.

"Apimwe upesi tujue dawa ya kumpa. Akianguka, atavunjika."

Mashine ya kupimia mifupa ilikuwepo palepale hospitalini, chumba cha tatu kushoto, imefunikwa nailoni na kufungwa utepe mwekundu.

"Haijazinduliwa, mama," alisema msimamizi. "Tunamsubiri mgeni rasmi."

"Kwani ni mbovu?"

"Mbovu! Tumempima mlinzi, ana mifupa ya kifaru."

"Basi nipimie mdogo wangu. Nailoni nitaifunga mwenyewe."

"Mama, unataka nifukuzwe kazi?"

Miezi mitano dada mtu akamwombea mgeni rasmi afya njema na nafasi kwenye ratiba; hata wazazi wake hakuwahi kuwaombea kwa bidii ile. Nyumbani alimnyima fundi stuli asije akaanguka, akawa anamfuata mpaka mlango wa choo.

"Dada, hata huku?"

"Hasa huko. Sakafu ina maji."

Maombi yakajibiwa. Mgeni akaja, na fundi akateuliwa kuwa mgonjwa wa kwanza. Hotuba zilichukua saa mbili, wagonjwa wamesimama, maana viti vilikuwa vya waalikwa. Utepe ukakatwa. Fundi akapanda kitandani.

"Mzee, rudia, mgeni hakuangalia kamera," akasema mpiga picha. Fundi akashuka, akapanda. "Tena kidogo, na tabasamu!"

"Mwacheni apimwe!" dada mtu akapaza sauti nyuma ya walinzi.

"Niache, dada, nami nitoke gazetini," fundi akacheka.

Kushuka mara ya pili, akakikosa kidato. Nyonga ikalia ka! Waalikwa wakapiga makofi, wakidhani mashine imewaka.

Alilala wodini wiki sita, mapafu yakajaa, akaenda zake. Figo ilifanya kazi mpaka asubuhi ya mwisho.

Dada mtu bado huhudhuria kliniki kwa ajili ya figo yake iliyobaki. Picha ya fundi akipanda kitandani imetundikwa mapokezi. Aliomba iondolewe, akajibiwa kwamba imetoka vizuri mno. Siku hizi mgonjwa akiitwa chumba cha tatu, yeye humshika mkono kwanza.

"Ukishalala, mwanangu, usishuke mpaka wakupime. Hata akuombe nani."