Upepo wa Upande wa Kushoto

Mimi si mtu wa pwani. Nilizaliwa Maramba, kwenye mahindi na michungwa, na mpaka naolewa nilikuwa sijapanda chombo chochote cha majini. Aliyenioa alikuwa mtu wa Ushongo, nahodha wa ngalawa ya tanga. Kazi yake ilikuwa kuchukua wageni wa hoteli za ufukweni na kuwapeleka kisiwa cha Maziwe, wakaogelee na kutazama samaki. Ngalawa haikuwa na mashine, na wageni waliipenda kwa hilo, kwa sababu ilikwenda kimya. Mimi nilibaki nchi kavu, nikapika, nikamlea binti yetu mmoja, na bahari niliitazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe wa jirani. Nilijua yupo, lakini hakuwa wangu.

Macho yake yaliondoka taratibu. Alianza kwa kugonga vikombe vilivyokuwa pembeni mwa mkeka, akidhani tumevihamisha. Baadaye akawa haoni mtu anayemsalimia kwa ubavuni, na watu wakasema amekuwa na maringo. Daktari wa mjini Tanga alituambia ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, tuombe kulinda kilichobaki. Tulilinda kwa matone ya dawa asubuhi na jioni, na hakikulindika. Mwisho akawa anajua mchana na usiku tu, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni.

Mdogo wake, shemeji yangu, alimsaidia kwa muda. Halafu naye akapata boti ya mashine, akawa na wageni wake. Ngalawa ikakaa ufukweni chini ya miti ya mivinje. Mume wangu alikuwa anakwenda kuipapasa kila siku, kama mtu anayempima mtoto homa.

Siku moja tukiwa tunakunywa chai aliniambia, "Upepo mimi naujua. Nisichokijua ni kilicho mbele yangu. Wewe uwe wa mbele, mimi niwe wa upepo."

Nilidhani anatania. Nilimwambia hata kuogelea sijui. Akasema ngalawa ina matengo pande zote mbili, yale magogo yanayoishikilia majini isipinduke, na kwamba anayejua upepo unatoka wapi hahitaji kuogelea. Sikuamini hata neno moja. Nilikubali kwa sababu ya jinsi alivyokuwa ameshika kikombe, kwa mikono miwili, kama kizee.

Somo la kwanza alinifundisha ufukweni, macho yangu nikiwa nimeyafumba. Aliniambia nigeuze uso polepole, kama mtu anayesema hapana kwa mtu anayemheshimu, mpaka nisikie upepo unanipiga masikio yote mawili sawasawa, sikio moja lisipoe kuliko jingine. Hapo pua yako ndiyo inayouangalia. Nilirudia na kurudia, na kila nikifungua macho nilikuta nimekosea, yeye anacheka. Kisha siku moja nilifungua macho nikakuta nimeelekea hasa pale alipokuwa ameelekea yeye. Tulikuwa tumesimama bega kwa bega, tunatazama upande mmoja, na yeye hakuwa anaona kitu.

Tulipoingia majini ndipo mambo yalipokuwa magumu. Nilikuwa nimefunga kipande cha khanga kuukuu kwenye kamba ya mlingoti, nikadhani kazi imekwisha, nitakuwa nasoma pale tu. Akaniambia kile kitambaa kinasema kweli chombo kikiwa kimesimama. Chombo kikikimbia kinajitengenezea upepo wake chenyewe, kama ulivyo juu ya bodaboda siku isiyo na upepo, nywele zinaruka na majani ya miti hayatikisiki. Kwa hiyo kitambaa kikuambie upepo ulionao wewe, lakini ule wa dunia uulize maji. Nikajifunza kuyatazama maji. Vile vikunyanzi vidogo juu ya uso wa maji hujipanga kukingama na upepo, na hapo ukivitazama kwa makini unajua unatokea wapi. Mawimbi makubwa usiyaulize, hayo yanaweza kuwa ya upepo wa jana. Ukiona doa jeusi linakuja juu ya maji, hilo ni pigo la upepo lenye nguvu, na una muda wa kupumua mara chache kabla halijakufikia. Kazi yangu ikawa kusema, "Doa linakuja, mkono wa kulia," na yeye alikuwa analegeza kamba ya tanga kabla sijamaliza.

Nilikosea mengi. Siku moja nilimwambia upepo umehamia kusini, nimeona boti zote zilizotia nanga zimeelekeza pua huko. Alicheka mpaka akakohoa. "Hayo ni maji kupwa," alisema, "yanavuta boti. Waulize shakwe." Na kweli, kule kwenye mchanga wa Maziwe ndege wale walikuwa wamesimama kundi zima, wote wameukabili upepo, maana hakuna ndege anayependa kupulizwa manyoya kutoka nyuma.

Watu walisema. Mwanamke wa bara ameshika usukani, na kipofu ameshika kamba. Shemeji alikuja akazungumza na kaka yake kwa adabu, akamwambia wanakijiji wanaona haya kwa niaba yetu. Mume wangu alimjibu kwamba waone haya wakiwa wamekaa, maana kuona haya umesimama kunachosha. Wageni walirudi. Tulichukua wachache, siku zenye bahari nzuri tu, na shemeji mwenyewe akaanza kutuletea wale ambao boti yake ilikuwa haiwatoshi.

Nikiulizwa leo maisha yangu mazuri yalikuwa lini, nasema yalikuwa pale, baada ya yeye kuwa kipofu, si kabla. Kabla, aliondoka asubuhi na kurudi jioni amechoka. Baada ya hapo nilikuwa namwona uso wake mchana kutwa. Nilijua anavyokunja paji upepo unapotaka kugeuka. Alikuwa akikaa chini karibu na miguu yangu, mgongo wake kwenye magoti yangu, ili asikie kwa mwili wangu kama nimeogopa.

Kiharusi kilimkuta kwenye mswala. Alikuwa ameshuka kwenye sijda ya alfajiri, nami nikaona haamki. Nikadhani ana dua ndefu. Nilingoja kwa heshima, na huko kungoja bado kunanichoma, ingawa daktari aliniambia hakukubadilisha kitu. Majirani walimbeba mpaka kwenye gari, tukapitia Pangani, tukafika Tanga. Alirudi nyumbani na mkono wa kushoto usio na nguvu, mguu wa kushoto unaoburuzika, na mdomo umeshuka kidogo upande huohuo. Maneno yalirudi yote. Nilimshukuru Mungu kwa maneno.

Kwa miezi alikaa uani akisikiliza mivinje. Kila mtu akimjulia hali alijibu kwamba yeye ni mzima, ila yuko mbali na kazi. Aliniomba nimpeleke baharini nikakataa. Binti yetu, aliyekuwa ameolewa Pongwe, alipiga simu akakataa naye. Aliniomba tena, kwa sauti ndogo zaidi kila mara, na mtu anayezoea kukuomba kwa sauti ndogo anakuvunja kuliko anayekupigia kelele.

Ikaja siku ya kusi jepesi, upepo wa kutoka kusini ukiwa laini, bahari imetulia. Shemeji alimbeba akamweka ndani ya ngalawa, akasema atakuwa nyuma yetu na boti yake. Hatukuwa na wageni. Nilimkalisha mahali pake, mgongo kwenye magoti yangu, na kamba yake nikaishika mimi pamoja na usukani.

Kwenda Maziwe kwa kusi, upepo unakuwa mkono wa kulia. Hatujafika mbali akainua uso, akaanza kuutaja. Umeongezeka. Umesogea mbele kidogo. Hilo ni pigo, legeza. Kila alichosema kilikuwa kweli, na mara nyingine alikisema kabla ya maji kuniambia mimi. Nilikuwa nalia huku nacheka, na niliyafuta machozi kwa bega kwa sababu mikono yote ilikuwa na kazi. Nilimwambia, "Umerudi, baba watoto." Akasema, "Nilikuwa nimekwenda wapi?"

Kisiwani hatukushuka. Nilimpa maji ya kunywa, nikageuza tanga kwa safari ya kurudi. Kurudi, upepo uleule unakuwa mkono wa kushoto.

Tulipokuwa katikati, alianza kuhangaika. Alisema upepo umekufa. Nikatazama, tanga limejaa, kitambaa kimenyooka. Kisha akasema haukufa, umegeuka, umehamia kulia, na upepo ukigeuka hivyo ghafla ni dhoruba inakuja. Sauti yake ilikuwa ya nahodha, ile ambayo hujadiliani nayo. "Legeza kamba," alisema. "Legeza sasa hivi, upepo usije ukatupiga kwa nyuma ya tanga."

Maji hayakuwa na dhoruba. Vikunyanzi vilikuwa vinakuja kutoka kushoto, vidogo, vya upole, kama vilivyokuwa asubuhi nzima. Nilitazama shavu lake la kushoto. Upepo ulikuwa unalipiga lote, umepeperusha kola ya shati mpaka inamgonga shingoni, na yeye hakuwa na habari. Alichokuwa anakisikia ni yale mabaki yake yanayozunguka kichwa na kugusa shavu la pili. Hapo ndipo nilipoelewa, na ningependa nisingeelewa.

Nikasema, "Ndiyo, nimelegeza."

Akainamisha kichwa, kama anavyofanya akisikiliza. Kamba ikilegezwa tanga hupigapiga kama nguo kwenye uzi, na tanga letu lilikuwa kimya, limejaa.

"Hukulegeza," alisema.

"Sikulegeza."

"Upepo uko wapi?"

Ningeweza kumdanganya mara ya pili. Sikuweza, kwa sababu kwa miaka yote ile hatukuwa na kingine kilichotufikisha nyumbani ila kuambiana kweli. Nikamwambia uko kushoto, haujatoka kushoto tangu tulipogeuza.

Akaanza kugeuza uso wake, polepole, kulia kisha kushoto, akitafuta masikio yalingane. Alipita pale upepo ulipokuwa, akaendelea, akarudi, akapita tena. Sikio moja lilikuwa halina cha kumpa. Alitafuta kwa muda mrefu. Mara moja alisimamisha uso akatulia, nami nikadhani ameupata, lakini alikuwa ameelekea pasipo na upepo wowote, kwenye bahari tupu. Kisha akachukua mkono wake mzima, akauvusha mpaka shavu la kushoto, akaligusa kwa vidole kama mtu anayegusa mlango wa nyumba ya mtu mwingine.

"Nipe mkono wako," alisema.

Sikuwa na mkono wa kumpa. Mmoja ulikuwa kwenye usukani, mwingine kwenye kamba, na kuachia chochote kungekuwa kuiacha ngalawa. Nilimwambia hivyo. Nikambana mgongo kwa magoti yangu kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, na yeye akaegemea, na hivyo ndivyo tulivyokwenda mpaka ufukweni. Sikumsikia akilia. Shemeji alipokuja kumshusha alimuuliza kama safari ilikuwa nzuri, akajibu kwamba ilikuwa nzuri, mke wake amejua kazi.

Hakuomba kwenda tena. Mwanzoni nilipokuwa narudi kutoka kupeleka wageni aliniuliza upepo ulikuwa wapi, nami nilimsimulia wote, tangu ule mwepesi wa nchi kavu wa asubuhi mpaka ulivyohamia. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za kijiji alichohama. Baadaye akawa anauliza ili kunifurahisha mimi. Baadaye hakuuliza. Niliacha kwenda baharini nikakaa naye uani, kwa kuwa niliona kila ninapoingia na harufu ya chumvi anageuza kichwa.

Alifariki mvua za masika zilipokuwa zinakwisha, kitandani, mkono wangu ukiwa mkononi mwake. Wakati huo mikono yangu yote ilikuwa haina kazi.

Nikakaa eda. Binti yetu alikuja kunitunza, akanifungia madirisha kwa kuhofia baridi. Yalikuwa yamefungwa na bado nilijua, kwa mlio wa mivinje na kwa moshi wa makumbi ya nazi ulivyokuwa unapenya au haupenyi, kwamba upepo umehama. Nilijikuta nafungua mdomo kumwambia mtu. Binti aliniuliza nataka nini, nikasema maji.

Eda ilipokwisha, kina mama wanaolima mwani waliniomba ngalawa ya kubebea mavuno yao. Niliwapa kwa moyo safi. Wakaniomba niwafundishe na tanga. Nikaenda nao siku moja, mapema, maji yakiwa yanajaa. Waliketi wamenitazama, wote wanawake wenzangu, wenye mikono iliyochubuliwa na kamba, na walikuwa wanataka kweli kujua. Niliwaambia wafumbe macho. Niliwaambia wageuze uso polepole. Wakageuza, kina mama wale watano au sita, kulia, kushoto, wakitafuta. Nami nikawatazama, na sikuweza kuendelea. Mmoja alifungua macho akaniona, akawagusa wenzake, wakafungua wote. Aliyekuwa karibu nami alinishika mkono akanishusha kwenye maji ya magotini, akanisindikiza mpaka kwenye mchanga mkavu.

Sasa ile ngalawa wameifungia mashine ndogo. Siwalaumu, inawafikisha.