Taa za Donholm Hazikuwa na Makosa

Mimi ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu waliokuja kuniona mwaka nilipougua walikaa kwenye kochi langu wakinizungumzia kwa sauti ya matangani, nami nikiwasikia.

Kabla ya hapo nilikuwa na afya ya kujisifia. Nilikuwa nimepita thelathini, sijaoa, nafundisha chuoni, naishi mtaa wa Donholm katika nyumba iliyojaa vitabu na isiyo na sufuria ya pili. Shule ya bweni ilikuwa imenilisha sukuma wiki iliyochemshwa hadi ikapoteza rangi, na siku nilipopata digrii niliapa kwamba jani halitapita tena kinywani mwangu. Niliishi kwa chai ya rangi na mkate mweupe, na jioni ugali na supu ya mifupa. Nilidhani hiyo ni nidhamu ya msomi. Kilikuwa chakula cha mfungwa, ila hakuna aliyenifunga.

Dalili ya kwanza ilikuja kimyakimya. Jua likitua, nilianza kugongana na vitu. Jioni moja nililipiga teke jiko la jirani yangu Mutua, dereva wa lori, Mkamba kutoka Machakos, makaa yakamwagika mlangoni kwake.

"Mwalimu, siku hizi unakunywa?"

"Ni hizi taa za barabarani. Hazifanyi kazi."

Mutua aliinua kichwa akazitazama. "Zinawaka," alisema. Hakucheka, na Mutua hucheka kila kitu.

Sikwenda kwa daktari. Niliandika barua kwa wahusika kulalamikia taa.

Haukupita muda, bintiye Mutua, Mwende, aliyekuwa shule ya nasari, akashikwa na ukambi. Nilikwenda kumjulia hali akanikoholea usoni. Alitoka vipele, akalala siku chache, akarudi kuruka kamba. Ndipo mimi nikaanza homa.

Kwanza yalikuwa mafua na kikohozi kikavu, macho mekundu yakichuruzika hadi mto ukaloa. Vipele vikatokea nyuma ya masikio, vikashuka usoni, kifuani, tumboni. Kinywa kikajaa vidonda. Nikaharisha hadi nikashindwa kusimama bila kushika ukuta. Mtu mwenye digrii mbili, ameangushwa na ugonjwa wa watoto.

Shangazi yangu Nekesa akaja kutoka Bungoma kuniuguza. Nina jina la babake, kwa hiyo huniita Baba, kisha hunikaripia kama mtoto.

"Baba, unakaa sana na Wakamba," alisema, Mutua akiwa amesimama mlangoni. "Sasa ona, umepata ukambi."

"Mama, sisi tuliumaliza tukiwa wadogo," Mutua akajibu. "Huyu wenu ndiye amechelewa darasa."

Baada ya hapo hakuna aliyecheka tena nyumbani mwangu kwa muda mrefu.

Shangazi alikuwa na sheria zake. Ukambi haulishwi. Nyama, mayai, maziwa na mafuta ni marufuku hadi vipele vikauke. Ni uji mweupe tu, na madirisha yafungwe. Sindano ndiyo mbaya kuliko vyote, kwa sababu huurudisha ukambi ndani. Msomi mzima sikubisha. Nilikuwa nimekula vyeupe miaka yote, na sasa nimeruhusiwa rasmi.

Vipele vikafifia lakini mimi nikazidi kuzama. Kifua kikawa kizito, kila pumzi na mluzi wake, na makohozi ya manjano. Mwanga ukaniuma. Kisha macho yakaacha kutoa machozi, yakakauka, nikahisi kama kuna mchanga chini ya kope. Asubuhi moja nilijaribu kusoma. Mistari ilikuwa ukungu. Nikafumba jicho la kulia. Kwa jicho la kushoto hapakuwa na mistari, wala kitabu, wala mkono ulioshika kitabu.

Mutua alipopita kunisalimu nilimwambia, "Sioni."

Alianza kunivalisha viatu anipeleke hospitali. Shangazi akasimama mlangoni.

"Mkimdunga sindano mtaniulia Baba."

"Mama, huyu anaishia hapa tukimwangalia. Mwende nilimpeleka hospitali hiyohiyo, na unamwona anavyoruka."

Shangazi alinitazama, akangoja niseme. Nilikohoa tu. Akavua leso ya manjano aliyojitanda, akanifunika macho jua lisiniumize, akanishika mkono tukatoka.

Daktari alikuwa mama wa maneno machache. Alinimulika macho, akasikiliza kifua.

"Umekuwa ukila nini?"

"Uji."

"Na kabla ya kuugua?"

Nikamwambia.

"Jioni ulikuwa unaona vizuri?"

Nikakumbuka jiko la Mutua. Nikakumbuka na ile barua yangu.

"Chakula hakikukuletea ukambi," alisema. "Huo huletwa na virusi, na inaonekana hukuchanjwa. Lakini nadhani vimeukuta mwili umeishiwa vitamini A, vikafanya vilivyotaka. Halafu mkazidi kuunyima." Akazima tochi. "Kifua tutakitibu. Jicho hili la kushoto siwezi kukuahidi."

"Na nyama, daktari?" shangazi akauliza polepole.

"Mpe ini, Mama. Mpe mayai, maziwa, sukuma, papai. Hata akikataa."

Nililazwa, nikapewa vidonge vya vitamini, dawa ya kupaka machoni, na sindano, ambazo shangazi alizitazama kama anayetazama nyoka akiingia nyumbani. Kila asubuhi daktari alifunika jicho langu la kulia na kuuliza naona nini. Kila asubuhi nilisema sioni. Shangazi alinilisha ini kwa kijiko, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejiuliza kama amechelewa.

Kisha jioni moja, jicho la kulia likiwa limefunikwa, kitu cha manjano kikasogea mbele yangu.

"Shangazi, hiyo ni leso yako?"

Aliketi chini sakafuni akalia.

Namshukuru Mungu, na Mutua, na daktari yule. Namshukuru shangazi, ambaye siku hizi huko Bungoma anaagiza ini kwa kila mwenye vipele na kudai kwamba yeye ndiye aliyemfundisha daktari. Jicho la kushoto limebaki na kovu jeupe. Kwa hilo naona watu lakini sioni maandishi.

Ninyi mnaosoma, pelekeni watoto wakachanjwe. Mgonjwa wa ukambi mlisheni, na mumwahishe hospitali. Na jioni ukianza kugongana na vitu unavyovijua, kabla hujalaumu taa, muulize jirani kama zinawaka.