Msokota Sigara Anayemkosoa Mhakiki

Saa mbili asubuhi, katika kiwanda cha sigara nene mjini Cabaiguán, nchini Cuba, Eneida Pentón ameinamia meza yake. Anakunja jani la tumbaku, analikunjua, analikunja tena. Juu ya jukwaa, Rigoberto, msomaji wa kiwanda, anawasomea wasokotaji themanini kurasa kumi na mbili alizoandika Eneida mwenyewe.

Hapa mmoja husoma, wengine husokota. Wakipendezwa, hugonga meza kwa visu vyao bapa. Wakichukizwa, huvitupa sakafuni.

Eneida, mwenye miaka 57, ameapa kwamba visu vikianguka, hapeleki makala yake kwenye kongamano la wahakiki Ijumaa hii huko Santa Clara.

Ugomvi wake ni na Profesa Ulises Barroso, anayesifika kwa kuhakiki riwaya za Fermín Arrechea. Katika riwaya mojawapo, wasokotaji wanatupa visu mbele ya tajiri wao. Katika kitabu chake, Profesa ametumia sura nzima, kurasa arobaini, kuthibitisha kwamba huko ni kusalimu amri.

"Kusalimu amri?" Eneida anacheka. "Wale walikuwa wanamtukana. Huyu hajakaa kwenye benchi letu hata dakika tano."

Aliishia darasa la nane. Riwaya zote sita za Arrechea amezisikia kazini, kwa miaka thelathini na minne, akisokota sigara mia kwa siku. Karatasi zilipoadimika, aliandika makala yake nyuma ya fomu kuukuu. Umeme ulipokatika, alingoja kukuche.

Rigoberto anafika ukurasa wa tisa. Kisu kimoja kinaanguka. Ni cha mzee Evelio, anayeketi meza ya jirani na Eneida, mtani wake tangu ujana.

"Bibie, hapo unaongea kama umemeza kamusi," anasema. "Profesa mmoja anatutosha."

Ukumbi mzima unacheka. Eneida naye anacheka, ingawa machozi yanamlengalenga. Anamwomba Rigoberto auruke ukurasa huo. Neno la mwisho linapotoka, meza zinagongwa mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka. Evelio ameokota kisu chake, na hakuna anayegonga kwa nguvu kumshinda.

Mchana, mbele ya sahani ya wali na maharage meusi, Eneida anaufuta ukurasa wa tisa wote na kuuandika upya kwa mistari minne.

Ijumaa atasoma mbele ya Profesa mwenyewe. Anatumaini sura ile itaandikwa upya kabla kitabu hakijachapwa tena, na anataka kumwalika Profesa aje akae kwenye benchi siku nzima.

Na akikasirika je?

"Akikasirika nitafurahi," anasema. "Ina maana safari hii ameelewa kwamba anatukanwa."