Ndimu ya Kunusa

Juzi, katika ofisi moja ya serikali hapa Malindi, mwanamke mmoja kijana alikuwa amesimama kwenye foleni akinusa ndimu. Mara akamwambia bwana aliyekuwa mbele yake akila bajia:

"Kaka, naomba unipishe. Sijisikii vizuri."

"Unaumwa nini?"

Akaibana ile ndimu. "Tumbo tu."

"Tumbo hata mie ninalo, dada, na leo halijapata chai!"

Watu wakacheka. Yule mwanamke akaziba mdomo, akatoka mbio, na hakurudi tena.

Bibi mmoja aliyeketi karibu nami akatikisa kichwa. "Ana mimba changa yule."

"Sasa bibi, mbona hukusema?"

"Mwenyewe anaificha, mwanangu, anaogopa macho ya watu. Niitangaze mimi?" Akapapasa ukingo wa kiti chake. "Lakini kiti hiki ningempa bila ya kusema neno. Sijui nilikuwa nangoja nini."

Alikuwa akingoja tunachongoja sote. Miezi michache ijayo yule mwanamke atarudi tumbo likiwa wazi, na foleni nzima itagombea kumpisha. Viti vyote vitakuwa vyake, na kichefuchefu kitakuwa kishamwisha zamani.