Kipa wa Goli la Chini

Timu ya Upepo ya Makambako ilikuwa imeshakufa, lakini Mama Benno alikuwa bado anafua jezi zake. Kila Jumamosi alizitoa kwenye gunia, akazifua, akazianika nyuma ya nyumba yake kule Mahongole. Aliyepita barabarani katika ukungu wa Julai aliona vifua vitupu vimejaa upepo, vinakimbia bila kwenda popote. Mwanzoni mwa kamba kulikuwa na vibanio viwili visivyobana kitu. Hapo palikuwa mahali pa namba moja, jezi ya kipa.

Jina lake ni Telesia Haule, Mpangwa wa Manda, aliyeletwa huku na ndoa. Alifua jezi za Upepo tangu ikiwa timu ya mtaa mpaka ilipopanda ligi na wachezaji wakaanza kulipwa mishahara. Kipa alikuwa Benno, mwanawe.

"Nilijua mechi ilivyokwenda kabla hawajanisimulia," aliniambia. "Jezi ya Benno ikija safi, wenzake wamecheza. Ikija na matope kifuani, amecheza peke yake."

Mara ya mwisho Benno alidaka Njombe, katika manyunyu ya baridi. Alirudi anatetemeka, akasema ni mafua. Hospitali walisema nimonia, na kwamba amechelewa. Hakuna aliyemroga. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wetu hupenda kumtafuta mchawi mahali ambapo palihitajika koti.

Ndugu walikuja kutoka Manda kwa mazishi. Matanga yalipokwisha, nguo za marehemu zikafuliwa zigawiwe, maana kwao mtu hajaondoka mpaka nguo yake ya mwisho ivaliwe na mrithi. Mrithi alikuwa mdogo wake, Joackim, mvuvi wa ziwani. Shangazi mmoja akauliza, "Na ile jezi aliyodakia mara ya mwisho iko wapi?"

Mwenyekiti wa timu, Xaveri, akajibu, "Imepotea Njombe, shangazi. Tumeitafuta sana."

Joackim akapewa suruali na viatu. Shangazi akatikisa kichwa na kusema matanga hayo wameyafunga nusu.

Jezi haikupotea. Upepo, kama timu nyingi ambazo viongozi wake hukaa viti vya mbele kanisani, ilikuwa na kamati ya ufundi, nao ufundi wenyewe haukuwa wa mpira. Makambako upepo unavuma kuelekea goli la chini, lile la upande wa makaburi. Desturi ya Upepo ilikuwa kumwachia mgeni upepo kipindi cha kwanza, kisha kuuchukua wao kipindi cha pili, mgeni akiwa amechoka. Mradi goli la chini lisiingiwe na kitu kabla ya mapumziko. Kwa hiyo Xaveri aliichukua jezi ya marehemu na jasho lake, haijafuliwa, akaizika langoni, ili Benno aendelee kudaka.

Benno aliendelea kudaka. Wageni walipiga mashuti kwa msaada wa upepo wote, na mpira ukagota kwenye mstari au ukapinda nje. Watu walishangilia. Kisha timu zikabadilishana magoli.

Hakuna hata mmoja wa wazee wale wenye busara aliyekuwa amekumbuka kwamba timu hubadilishana magoli.

Sadock, aliyekuwa mshambuliaji wa Upepo, sasa anauza viazi sokoni. Ni mtu wa utani, lakini kwa hili hatanii. "Kipa wao alikuwa amelala chini, ameshika goti," alisema. "Goli tupu. Nikapiga. Nikasikia *pa!* Mlio wa glavu. Mpira ukarudi mguuni kwangu kama mtu ameniletea."

Msimu mzima ulikwenda hivyo. Wageni walikuwa wakifunga goli la juu kipindi cha pili, na Upepo hawakuweza kusawazisha kwenye la chini. Wakashuka daraja. Mfadhili akaondoka, wachezaji wakatawanyika, na gunia la jezi likabaki kwa mfuaji kwa kuwa hakuna aliyekuja kulichukua.

Mwaka huu uwanja umepimwa viwanja vya nyumba, na katapila linasubiriwa. Hapo ndipo Sadock, aliyeijua siri hiyo tangu akiwa mchezaji, aliposhindwa kunyamaza, akamwambia Telesia kilichozikwa langoni. Mimi ni jirani yake Telesia, akaniomba nimsindikize kwa Xaveri.

Tulimkuta kwenye duka lake la mbao, Sadock akiwa amefika kabla yetu.

"Kamwene, Mwenyekiti," Telesia akasalimu.

"Kamwene, Mama Benno. Karibu mbao."

"Sina nyumba ya kujenga. Nataka nguo ya mwanangu kabla katapila halijaila."

Xaveri akacheka kidogo. "Tulishasema, dada yangu. Ilipotea Njombe."

"Basi ilirudi kwa miguu," Sadock akadakia. "Ilikuwa na hamu ya kutufungisha."

"Wewe ulikosa magoli, sasa unatafuta maiti ya kusingizia!"

"Nilikosa, mzee. Wewe ulimsajili aliyenidaka."

Nilimwambia Xaveri kwamba uongo uliosemwa matangani hauozi kwa sababu tu aliyeusema ni mzee wa kanisa. Alinitazama kwa hasira. Telesia hakuwa na hasira.

"Kaka Xaveri, nyumba yako na kanisa vimetenganishwa na uwanja tu. Mbona kila Jumapili unazunguka hadi stendi?"

Xaveri alishika ubao, akauachia.

"Sina kesi na wewe," mama akaendelea. "Sadock angeweza kuchimba. Lakini aliyezika ndiye afukue. Mtu mwingine akimwita Benno, hatamjua."

"Nikipita pale," Xaveri akasema polepole, "nasikia anapiga makofi ya glavu. Kama kipa anayesubiri kona."

Akaingia ndani kuchukua jembe.

Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa umelala chini kiasi kwamba kutoka katikati ya uwanja hatukuiona milingoti. Xaveri alichimba chini ya mlingoti wa kushoto. Jezi ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni. Telesia alipoufungua, harufu iliyotoka haikuwa ya udongo. Ilikuwa ya mtu aliyetoka kucheza sasa hivi. Kitambaa kilikuwa kimelowa, na kilikuwa na vuguvugu.

Sadock alirudi nyuma, akausukuma kwa mguu mpira aliokuja nao kuelekea goli. Ukapita mstari, ukapotelea kwenye ukungu bila mlio. Akavua kofia.

Telesia aliifua jezi hiyo peke yake, akaibana kwenye vile vibanio viwili. Jezi nyingine zilipepea kutwa nzima. Yenyewe ilining'inia kimya, kifua mbele.

Joackim alipofika kutoka Manda na ndugu, Telesia hakumpa jezi yeye mwenyewe. Alimwita Xaveri, akamsimamisha mbele ya ndugu.

"Sema ulichosema siku ile, halafu sema kilichokuwa kweli."

Akasema yote mawili. Kisha ndiye aliyeitoa jezi kwenye kamba na kuikabidhi. Ndipo shangazi akatamka kwamba matanga yamefungwa. Jezi nyingine Telesia alizianua akazigawa kwa majirani, na kamba akaifungua.

Joackim aliivaa pale pale. Ilimkaa sawasawa. Kisha akajishika kifua, akatutazama.

"Mama, haijakauka."

Telesia akaweka kiganja pale alipogusa mwanawe. Ilikuwa imeanikwa siku nzima kwenye upepo wa Makambako. Akachukua koti lililokuwa kitini, akamvika na kumfunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Usilivue mpaka ufike ziwani," alisema. "Baridi hii ndiyo iliyomuua mwenzio."