Pius Arudishe Sauti ya Baba

Kaka yangu Pius ni mwoga. Naanza na hilo kabla watu hawajaniletea habari zao za ushujaa. Anaogopa bata mzinga. Anaogopa ngazi zenye matundu. Akisikia watu wawili wanagombana sokoni, anayeomba msamaha ni yeye. Shuleni mimi Getruda ndiye niliyekuwa nampigania, na mimi ni mdogo wake, tena wa kike. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye ambaye Mkuyuni nzima, mtaa wetu hapa Mwanza, inamwita shujaa, na akipita barabarani watoto wanampigia saluti.

Shujaa mwenyewe ni wa katuni. Anaitwa Lugembe, yumo kwenye Kisiwa cha Radi, ile katuni inayotengenezwa hapa hapa Nyamagana, chumba cha juu, juu ya duka la vitenge. Kwenye hicho kisiwa kila mtu ana uchawi wake. Kuna bibi anatema moto, kuna mapacha wanageuka sangara, hata mbuzi wa kule wanapaa. Lugembe peke yake hana kitu. Ana mfuniko wa sufuria wa kujikingia, na ana mdomo. Yule bibi akimtemea moto, Lugembe anamwambia, "Bibi, ngoja kwanza, leo umewasha kwa kuni mbichi? Mbona ni moshi mtupu?" Bibi anapandwa na hasira, anakosa shabaha, anaunguza nyumba yake mwenyewe. Watoto wanagaragara chini kwa kicheko. Na sauti hiyo ni ya Pius, fundi wa kushona makochi, mtu ambaye akija kwangu kuomba chumvi anazunguka kwanza habari za mvua.

Nilimuuliza hiyo jeuri ameipata wapi. Akaangalia vidole vyake akasema, "Inakuja tu, dada, nikishika maiki." Inakuja tu! Mimi niliitambua siku ya kwanza. Ile ilikuwa sauti ya baba, na majibu yale yalikuwa ya baba, mpaka ule mguno anaoutoa kabla ya kumchamba mtu.

Baba yetu, Mzee Mashimba, ni manju wa ngoma ya Wagika kule Usagara. Kwa asiyejua, kwetu Usukumani baada ya mavuno Wagika na Wagalu wanacheza siku moja, uwanja mmoja, kila kundi upande wake, kwa wakati mmoja. Hakuna jaji wala kombe. Watazamaji wanasimama katikati, halafu wanakwenda kule wanakovutwa, na atakayebaki na watu ndiye kashinda. Kuwavuta ni kazi ya manju. Anaimba, na katikati ya nyimbo anamsema manju mwenzake mpaka atamani ardhi ipasuke aingie. Na dawa zipo, bila shaka. Hakuna manju anayekubali kwamba anatumia dawa, na hakuna mtu anayemwamini.

Baba alikuwa kiboko. Ngosha, manju wa Wagalu, aliwahi kuja uwanjani na koti jipya la suti. Baba akamwambia, "Ngosha, koti limekupendeza, mwenyewe akija kulichukua atafurahi ulivyolitunza." Ngosha hakulivaa tena. Nasikia alimpa mkwe wake.

Halafu sauti ya baba ikaondoka. Haikuondoka siku moja. Ilianza kukwama, ikawa inakatika, mwisho ikabaki pumzi tu, kama tairi linalotoa upepo. Tulimleta mjini hospitali, daktari akamwangalia kooni, akasema ni vinyama vimeota kwa sababu ya kupiga kelele miaka yote, kwa hiyo mzee apumzike, asiseme. Kumwambia baba yangu asiseme! Alitoka pale amevimba kwa hasira, na hakuweza hata kutukana.

Sasa balaa likaja hapo. Kipindi kile kile ndipo Kisiwa cha Radi kilipoanza. Jirani mmoja huko Usagara akamwekea baba kwenye simu ili achangamke. Baba akaisikia sauti yake mwenyewe, nzima, mbichi, inawachamba wachawi, tena inatoka kwa kikaragosi chenye mfuniko wa sufuria. Hakuchangamka. Alirudisha simu kwa mwenyewe, akanong'ona, "Pius ameichukua."

Tuliitwa kikao cha ukoo nyumbani kwa baba. Mwenyekiti alikuwa baba mdogo Jonathan, ambaye ni katekista, na alifungua kwa sala. Kisha akasimama akasema, "Mimi kama Mkristo mambo haya siyaamini. Uchawi haupo. Hilo liandikwe." Akakohoa. "Lakini kijana arudishe sauti ya watu."

"Baba mdogo, mimi sina dawa yoyote," Pius akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola.

Shangazi Wilhelmina akapiga makofi. "Mnasikia? Na yule Lugembe ndivyo anavyosema kila Jumamosi, kwamba hana uchawi. Kisiwa kizima kinamrushia radi. Mbona hafi?"

"Shangazi, imeandikwa asife."

"Imeandikwa na nani?"

Pius, bwege wa watu, akajibu ukweli. "Na Odeta."

Basi Odeta akatafutwa. Odeta ndiye mwenye ile studio, dada mpole, mchoraji, anayeamini kwamba jambo likielezwa vizuri linaeleweka. Alikuja Usagara na kompyuta yake mpakato, akaamkia wazee wote vizuri, akafungua. Alitaka kuwaonyesha kwamba ile ni sauti ya Pius na hakuna cha ajabu. Akaicheza. Wazee wakaona mistari ya kijani inarukaruka kwenye skrini.

"Hiyo ni nini?" baba mdogo akauliza.

"Ndiyo sauti yenyewe, mzee."

Baba alisogea karibu, akaitazama sauti yake imelazwa mle ndani inatapatapa.

"Na unaweza kuifanya nini?"

"Chochote," Odeta akasema kwa fahari ya kazi yake. "Naweza kuikata, naweza kuivuta, naweza kuipunguza. Nikitaka naifuta kabisa."

Mama yangu wee! Shangazi Wilhelmina alianguka kwenye mkeka. Wazee walipiga kelele asibonyeze kitu. Mimi nilicheka, sifichi, nilicheka mpaka nikatolewa nje, nikawa nafuatilia kesi dirishani. Baba mdogo Jonathan alituliza watu. Akatoa pendekezo kwamba sauti itolewe kwenye mashine, iwekwe kwenye flashi, akabidhiwe mwenyewe. Odeta, ili tu aondoke salama, akaiweka kwenye flashi. Halafu wakakwama, maana mzee ataitumiaje? Wakajadiliana. Mwisho wakaitumbukiza kwenye bakuli la maji, baba mdogo akasema sala fupi, kwa tahadhari, na baba akayanywa yale maji yote.

Tulisubiri. Baba akafungua mdomo. Ikatoka pumzi. Flashi nayo ikawa imekufa.

Ndipo hukumu ikatoka, na hapo kicheko kiliniisha. Baba alinong'ona, na watu wote wakainama mbele ili wasikie. Alisema mpaka sauti yake itakaporudi, Pius asikanyage nyumba ile. Akasema na yeye akifa kabla haijarudi, Pius asishike udongo wa kaburi lake. Pius hakubisha. Alilia pale pale mbele ya watu, mtu mzima na ndevu zake. Mimi nilimwambia baba maneno ambayo binti hamwambii baba yake, nikamshika Pius mkono, tukarudi Mwanza. Njia nzima niliongea mimi.

Alikataa kurudi studio. Odeta alikuja kumbembeleza, akamwambia Lugembe yuko katikati ya vita, mdomo uko wazi, unasubiri maneno. Maana kazi yao ndiyo hiyo: Odeta anachora kwanza, midomo inacheza bila sauti, halafu Pius anaitazama na kuitia maneno. Pius akasema Lugembe na afe. Watoto wa Mkuyuni wakaacha saluti, wakawa wanamtazama tu.

Mavuno yakapita, ngoma ikafika. Nilimwambia Pius tunakwenda. Akasema amekatazwa. Nikamwambia umekatazwa nyumbani, uwanja ni wa kijiji, simama uvae viatu. Tulijibanza nyuma ya spika za Wagika, pembeni mwa jukwaa, karibu na wapiga ngoma.

Watu walikuwa wamemshauri baba ampe mwingine nafasi. Hakumpa. Akapanda jukwaani na mgolole wake na mkia wa nyumbu mkononi, akashika maiki. Ngoma zikalia. Akafungua mdomo, spika zikatoa upepo. Akajaribu tena. Watu waliokuwa mbele wakaanza kutazamana, kisha wakaanza kuondoka. Waliondoka taratibu, kwa heshima, wakijifanya wanatafuta maji ya kunywa, lakini wote walikuwa wanaelekea kwa Wagalu.

Ngosha aliona. Akapaza sauti kutoka upande wake. "Mzee Mashimba! Sauti yako nimeiona Mkuyuni, inashona makochi! Nikuagizie utumiwe na basi?"

Uwanja ukalipuka. Baba alikuwa bado anafungua mdomo. Anafungua, anafumba, mishipa imemsimama shingoni, na hakuna kinachotoka. Mimi nilishindwa kumwangalia. Nilikuwa na hasira naye bado, lakini hakuna anayependa kumwona baba yake vile. Nikageuka kumwangalia Pius, na Pius alikuwa hapepesi macho. Alikuwa anamtazama baba mdomoni. Kulikuwa na maiki moja imewekwa chini kwa ajili ya ngoma kubwa. Akaiokota. Huyu mwoga wangu, akaiokota.

Baba akafungua mdomo, na sauti ya Mzee Mashimba ikatoka kwenye spika zote.

"Ngosha! Usihangaike na basi! Hiyo nauli nunua mafuta upake midomo, watu wanafikiri umekula majivu!"

Watu walisimama walipokuwa. Wengine maji yaliwamwagika. Baba mwenyewe alishtuka nusura aanguke, akajishika shingo. Halafu macho yakamng'aa, akanyanyua mkia juu, akafungua mdomo tena, na maneno yakamwagika tena, yakilingana na midomo yake bila kuchelewa hata kidogo. Alimsema Ngosha, akamsema na mwenye spika za Ngosha. Watu wakarudi mbio. Wagalu wengine waliacha kucheza, wakaja kusikiliza wanavyochambwa. Baba mdogo Jonathan alikuwa anapiga ishara ya msalaba na kucheza kwa wakati mmoja.

Lakini baba si mjinga. Katikati ya sentensi alisimama. Akafumba mdomo ghafla, akaubana kabisa, makusudi. Na sauti ikaendelea.

"...na hao ng'ombe wako, Ngosha, juzi..."

Pius alijikatiza, lakini alikuwa ameshachelewa. Ngoma zikafa. Uwanja mzima uliona mdomo umefungwa na ukasikia maneno yanatembea. Upande wa pili Ngosha akaanza kucheka peke yake. Baba akageuka polepole, akaangalia nyuma ya spika, akamwona mwanawe na maiki mkononi.

Pius akasema kitu pekee alichoweza kusema, kwenye maiki, kwa ile sauti yake ndogo ya kuomba chumvi.

"Shikamoo, baba."

Hakuna aliyecheka. Baba akashuka jukwaani. Nilikunja kanga yangu nikaifunga kiunoni, maana nilishaamua kwamba akimpiga, mimi na yeye tutaoneshana leo. Alikuja mpaka mbele ya Pius, akamtazama sana. Kisha akainama kwenye maiki ile, karibu kabisa, na spika zikatoa ule upepo wake, na ndani ya upepo yakasikika maneno.

"Marahaba. Endelea, sijamaliza."

Akapanda tena jukwaani, akamgeukia Ngosha, akafungua mdomo.