Waya Niliousokota kwa Mpira wa Tyubu

Aibu hii nimeificha miaka mingi, jamani, na hata leo nikiisimulia nainamisha macho, maana mama mkwe wangu alikuwepo siku hiyo na aliyaona yote.

Zama hizo za Mwingereza nilikuwa fundi wa nyaya za malori hapa Dodoma, kwenye gereji ya Karimbhai kule Makole, Mhindi mpole kabisa lakini mwenye wazimu wa ndege, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akijiundia ndege yake mwenyewe ya mbao na kitambaa nyuma ya gereji, na kazi ya nyaya akanipa mimi (nikavimba kichwa, nikaanza kujiita fundi wa ndege hata sokoni). Sharti lake lilikuwa moja tu: kila kiungo nikilehemu, kikipoa nikivute kwa nguvu, kwa sababu ndege inatetemeka kuliko lori lolote.

Nikalehemu vyote isipokuwa kimoja. Kilikuwa kimejificha nyuma ya injini, pasi ya kulehemia imepoa, mkaa umeisha, na mimi nina haraka ya kumpokea mama mkwe anayekuja na lori kutoka Mpwapwa. Basi nikausokota waya kwa vidole, nikauzungushia kipande cha mpira wa tyubu kama tulivyozoea kwenye malori, tena nikajipa moyo kwamba huu ni waya wa swichi ya kuzimia, ukikatika injini itazimika tu, nani atakufa? (Huo ndio ujinga wa fundi wa malori. Kwenye injini ile mambo yalikuwa kinyume: waya ule ndio ulioizuia isiwake swichi ikizimwa, na ukikatika, swichi inabaki pambo.)

Kesho yake tukaivuta ndege hadi uwandani, watu wamejaa, wachungaji wameacha ng'ombe wao, na mama mkwe nimemweka mbele kabisa ili aone binti yake ameolewa na nani. Karimbhai akaniuliza, "Viungo vyote umevivuta?"

"Vyote, bwana," nikasema, bila hata kumeza mate.

Injini ikawaka, ikanguruma vizuri, watu wakapiga vigelegele, kisha Karimbhai, aliyekuwa kitini, akaizima kwa swichi na ikazimika. Akashuka. Mpigapicha akaomba rafadha, lile pangaboi la mbele, ilale sawasawa ipendeze pichani, basi Karimbhai akatuambia tuondoe mawe yaliyozuia magurudumu yasiharibu picha, akaishika rafadha kwa mikono yake, akaizungusha kidogo.

Ikawaka.

Sijui nieleze vipi. Karimbhai alianguka chali, rafadha ikapita na kofia yake, na ndege ikaanza kwenda yenyewe, kitini hakuna mtu, inaelekea kwa watu. Nilirukia mkia nikaung'ang'ania, ikaniburuta, kaptula yangu ikanasa kwenye chuma cha mkia, ikachanika yote ikabaki huko, na mimi nikapita hivyo hivyo mbele ya mama mkwe, ambaye kwetu hata kula mbele yake huthubutu. Uzito wangu uliipindisha, ikawakosa watu kwa hatua chache, ikajikita kwenye ua wa miiba na rafadha ikavunjika vipande.

Watu walicheka, kisha wakaacha, maana Karimbhai alikuwa amekaa chini akivitazama viganja na vidole vyake, anavihesabu kimoja kimoja. Akawaambia watu kosa ni lake, amesahau swichi. Nami nikanyamaza, nimejifunga shuka ya mchungaji mmoja, nikamwacha aubebe mzigo wangu.

Lakini alikwenda kuiangalia swichi, akaikuta imezimwa. Akapenyeza mkono nyuma ya injini, akaukuta waya umeachana kwa mtetemo, akatoka na kile kipande cha mpira. Hakupandisha sauti.

"Yohana, waya huu uliuvuta?"

Nikasema hapana. Mbele ya watu wote, mama mkwe akisikia.

Nilingoja anifukuze. Akatia mpira ule mfukoni, akasema, "Nitatengeneza rafadha nyingine. Siku nitakayoruka, wewe utakaa kiti cha nyuma."

Sijawahi kuogopa vile maishani. Nilirudi gerejini nikavikata viungo vyote, hata vile vilivyokuwa vizima, nikaanza upya, na nikaapa kwamba waya wa mtu mwingine sitaufunga tena mpaka kwanza nijione mimi mwenyewe nimekaa kwenye kiti kile.